Uzoefu wangu: kuwafundisha watoto misimu sita ya Kakadu kwa kitabu cha picha

Kitabu ninachokizungumzia hapa ni kitabu cha picha kinachofuata mwaka mzima wa Kakadu, eneo la kaskazini mwa Australia lililoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, ambalo wenyeji wake asilia ni Wabininj upande wa kaskazini na Wamungguy upande wa kusini. Nilikinunua kwa ajili ya wanangu, waliozaliwa Darwin, mji wa kaskazini mwa Australia, ambao vitabu vyao vingine karibu vyote vinasimulia mwaka wa Ulaya, wenye theluji na majani yanayopukutika. Wakichungulia dirishani hawayaoni mambo hayo hata kidogo.

Ubora wake mkubwa ni kwamba hakianzi na tarehe. Misimu sita, yaani Gudjewg, Banggerreng, Yegge, Wurrgeng, Gurrung na Gunumeleng, inatambulishwa kwa yale yanayotokea ardhini, majini na angani, kisha kwa yale ambayo watu hufanya kwa sababu hiyo. Wakati wa Gudjewg mvua hunyesha kwa nguvu, nyasi hurefuka kumpita mtu mzima, na familia huokota mayai ya bata bukini kwenye mabonde yaliyofurika. Kisha, kufikia mwezi wa Aprili, huja Banggerreng na dhoruba zake za mwisho, ambazo huzilaza nyasi hizo chini.

Kurasa za Yegge ndizo tulizozirudia zaidi. Mchoraji ameonyesha mkalitusi uitwao andjalen ukiwa umechanua maua ya rangi ya chungwa, na kando yake mzee anayewasha moto mdogo kwenye nyasi huku wajukuu wakimtazama. Maneno ya ukurasa huo ni machache, lakini picha inajitosheleza: ua likichanua, wakati wa kuchoma nyika umewadia. Mwanangu mkubwa aliniuliza, "Mama, kwa nini babu anachoma mahali wanyama wanapoishi?" Swali hilo lilinipa nafasi ya kumweleza kwamba moto wa mapema, unaowashwa sehemu moja moja wakati nyasi bado zina unyevu, huwa mdogo na hufifia umande unapoanguka usiku, kwamba wanyama hupata njia ya kuukwepa, na kwamba bila huo, joto la Gurrung hukuta nyasi nyingi zimekauka, na moto unaozuka wakati huo huwa mkali mno. Sijaona kitabu kingine cha watoto kinachowaonyesha Waaborijini, yaani wenyeji asilia wa Australia, kuwa watunzaji wa ardhi wenye ujuzi mahususi kwa uwazi kiasi hiki. Mara nyingi huonyeshwa tu wakicheza ngoma au wakirusha silaha, jambo ambalo kwa kweli hunikera.

Katika msimu wa Gurrung kuna picha ya bibi anayechokoa tope kwa mti uliochongoka, akitafuta kobe wa majini wa shingo ndefu aliyejizika humo kadiri dimbwi linavyokauka. Kwa Gunumeleng, mawingu ya radi yanapoanza kujikusanya, wamechorwa panzi wa rangi ya chungwa na buluu, ambao kwa Wabininj ni watoto wa Namarrgon, Mtu wa Radi, nao hutokeza wakati huo kumwita baba yao. Tulipotembelea mwamba wa Burrungkuy ulioko Kakadu, watoto walimtambua Namarrgon katika michoro ya ukutani kabla sijawaambia neno, wakanionyesha mashoka ya mawe yaliyo kwenye viwiko na magoti yake.

Mama yangu aliyeko Tanga niliposimuliana naye mambo haya kwa simu hakushangaa, kwani naye amekulia kati ya watu wanaopanga safari za baharini na kilimo kwa kaskazi na kusi, masika na vuli.

Kasoro zipo. Majina ya misimu hayana maelekezo ya matamshi, na mzazi mgeni hubaki akibahatisha. Ilinibidi nitafute sauti za wazungumzaji wenyewe. Pia watu wote wamechorwa porini, ilhali Wabininj wa leo wanaendesha magari, wanasoma shuleni na baadhi yao ni walinzi wa Hifadhi ya Taifa ya Kakadu. Ukurasa mmoja tu wa maisha hayo ungetosha. Tena, kitabu hakisemi waziwazi kwamba misimu hii si ya Australia nzima. Wanoongar, Waaborijini wa kusini-magharibi mwa Australia, nao wana misimu sita, lakini ni mingine kabisa, kuanzia Birak ya jua kali la Desemba, na kabla ya Waingereza kufika mwaka 1788 bara hili lilikuwa na lugha zaidi ya 250. Hilo mzazi alifafanue mwenyewe. Kilichonipa imani ni ukurasa wa mwanzo, unaoeleza kwamba wazee wenye ardhi hiyo walishirikishwa na kuidhinisha yaliyoandikwa, na ningewasihi wazazi na walimu wakague jambo hilo kabla ya kununua kitabu chochote cha aina hii.

Ninakipendekeza kwa watoto wa miaka minne hadi tisa. Wasomeeni msimu mmoja mmoja unapowadia, na anayeishi mbali na Kakadu amwulize mtoto ni mti gani unachanua karibu na nyumbani wiki hiyo, na ni ndege gani wamefika.