Scribus 1.6 kwenye kurasa za makala: inapofaa na inapokwama

Gazeti dogo linalotaka kurasa nzuri za makala haliwezi tena kusingizia kukosa programu. Scribus ni programu huria ya kupanga kurasa. Haidai malipo wala usajili wa kila mwezi, inafanya kazi kwenye Windows, Linux na macOS, na toleo la 1.6 lililotoka mwaka 2024 limetulia vya kutosha kukabidhiwa kazi ya kila wiki. Kwa ukurasa wa makala, ambao hupangwa siku mbili tatu kabla ya kwenda mtamboni, inatosha kabisa. Kwa ukurasa wa mbele unaobadilika hadi dakika ya mwisho huku wahariri watatu wakitaka kugusa habari ileile, hatuipendekezi, kwa sababu haina njia ya watu wawili kuhariri ukurasa mmoja kwa wakati mmoja.

Nguvu yake iko kwenye gridi, yaani mistari elekezi isiyochapwa inayogawa ukurasa, na gridi ndiyo inayotofautisha ukurasa wa makala uliosanifiwa na ule uliojazwa tu. Chukua ukurasa wa tabloidi wa milimita 280 kwa 430. Weka pambizo za milimita 14 kushoto na kulia, zibaki 252 za kufanyia kazi. Kwenye kidhibiti cha mistari elekezi omba safu nane zenye pengo la milimita 4. Kila safu itatoka milimita 28 kamili. Ukiunganisha safu mbili mbili unapata safu nne za maandishi zenye upana wa milimita 60, na hapo herufi ya pointi 9 hubeba herufi 38 hivi kwa mstari, ambao ni urefu mzuri wa kusomeka. Zile safu nyembamba za 28 zibaki kwa maelezo ya picha, nukuu na visanduku vya takwimu. Usipange mwili wa makala ndani yake. Neno kama “wanaoshughulikia” lina herufi 16, na mstari wa milimita 28 unabeba kama 17. Ukinyoosha kingo zote mbili, mstari mzima utakuwa na neno moja lililotanuliwa au maneno mawili yenye shimo katikati.

Gridi ya kwenda juu-chini ndiyo wengi huiruka, kisha wanashangaa kwa nini mistari ya safu jirani haikai sawa. Weka pambizo ya juu kwa pointi 44, yaani milimita 15.5, na gridi ya mistari ya msingi, ile ambayo maandishi hukaa juu yake, iwe pointi 11 ikianzia hapohapo. Utapata mistari 103 na karibu milimita 15 za pambizo chini. Kisha kwenye mtindo wa aya (mpangilio wa fonti na nafasi uliohifadhiwa kwa jina) wa mwili wa makala, usichague nafasi ya mistari iliyowekwa wala ile ya kujipanga yenyewe; chagua ile inayofuata gridi ya msingi. Hapo safu zote nne zitakaa kwenye mstari mmoja hata kama kuna picha katikati. Maelezo ya picha ya pointi 7.5 yapewe nafasi iliyowekwa ya pointi 9, la sivyo gridi itayavuta mpaka pointi 11 na yataonekana yamelegea. Kichwa kidogo ndani ya makala kikiwa pointi 11 nzito, kipe nafasi ya pointi 11 juu yake kupitia mtindo, si kwa kubonyeza Enter. Enter ya ziada ikiangukia juu ya safu mpya huacha tundu ambalo hakuna anayeliona hadi gazeti liko mikononi mwa msomaji.

Vipimo hivi vinakuwezesha kumwambia mwandishi idadi ya maneno kabla hajaanza kuandika. Tuseme makala inamhusu fundi seremala, ina picha kuu moja, picha ndogo mbili, nukuu na kisanduku cha mambo muhimu. Kichwa cha pointi 48 cha mistari miwili pamoja na utangulizi wa pointi 16 vinakula kama mistari 18, inabaki 85 kwa kila safu, jumla 340. Picha kuu ya safu tatu ina upana wa milimita 188; kwa uwiano wa 3 kwa 2 kimo chake ni mistari 32, na maelezo yake yanaifikisha 35, mara tatu ni 105. Picha ndogo mbili za safu moja moja zinachukua 26, nukuu 9, kisanduku 20, vichwa vidogo vinne 8. Inabaki mistari 172. Kwa wastani wa maneno matano na nusu kwa mstari, hayo ni kama maneno 950. Mwandishi akileta 1,400, huna haja ya kubishana naye kuhusu ladha, mwonyeshe hesabu. Kinachoharibu kurasa nyingi za makala ni makala ndefu iliyobanwa kwa kupunguza herufi hadi pointi 8 na kuiminya picha.

Sehemu za kupima fremu, yaani visanduku vya maandishi na picha, zinakubali kipimo chochote ukikiandika pamoja na jina lake, hata kama hati iko kwenye milimita. Andika 352pt kwenye kimo cha picha na itakuwa mistari 32 bila kupapasa. Vitufe vya T kwa fremu ya maandishi, I kwa fremu ya picha na N kwa kuunganisha fremu vinaharakisha kazi sana. Unachora safu nne, unaziunganisha kwa N, na maandishi yanatiririka kutoka moja hadi nyingine. Alama ndogo nyekundu kwenye kona ya chini ya fremu ya mwisho ina maana kuna maandishi yaliyozidi. Usiifumbie macho, ndiyo inayotoa makala inayokatika katikati ya sentensi.

Sasa upande wa udhaifu. Kuingiza maandishi kutoka faili la ODT au DOCX kunaleta na mitindo ya mwandishi: fonti zake, rangi zake, mapengo yake. Baada ya makala tano, orodha ya mitindo ya kiolezo chako imejaa majina usiyoyajua. Hata hilo ni dogo kuliko rangi. Maandishi meusi yaliyotoka kwenye programu ya kuandikia yanaweza kuingia kama nyeusi ya RGB (rangi za skrini), na wakati wa kutengeneza PDF ikageuzwa kuwa mchanganyiko wa wino nne. Kwenye herufi ya pointi 9, sahani nne za kuchapia, moja kwa kila wino, zikipishana hata kidogo tu mtamboni, kila herufi inapata kivuli cha rangi na ukurasa mzima unaonekana una ukungu. Njia salama ni kuingiza maandishi matupu, kisha kuyavisha mitindo yako mwenyewe. Tano zinatosha: aya ya kwanza yenye herufi kubwa ya kushuka, mwili, kichwa kidogo, maelezo ya picha, jina la mwandishi. Italiki na herufi nzito zitapotea, kwa hiyo anayepanga awe na nakala ya mhariri pembeni. Kwenye rangi, tumia Black peke yake kwa maandishi. Zile nyeusi nyingine zilizopo kwenye orodha, na hasa Registration, zisiguswe. Hiyo ya mwisho hupaka wino wote kwa asilimia 100 na ni ya alama za kulinganishia sahani tu.

Ukataji wa maneno mwishoni mwa mistari nao unahitaji macho. Kwa mipangilio yake ya mwanzo, Scribus haikati neno yenyewe unapoandika. Lazima uiamuru, na inafuata lugha iliyotajwa kwenye mtindo wa aya. Lugha ikibaki Kiingereza, unaweza kukuta “mwan-amke” kwenye mstari. Kwa bahati nzuri silabi za Kiswahili nyingi zinaishia kwa irabu, hivyo kuweka kistari laini (kinachoonekana tu neno likikatwa) kwa mkono pale mstari unapoachia mapengo ni kazi nyepesi. Kabla ya hapo fungua mipangilio ya kunyoosha kingo kwenye mtindo, uruhusu herufi zipungue hadi asilimia 98 na kupanuka hadi 102, na nafasi kati ya maneno isishuke chini ya 80. Jicho halioni tofauti hiyo, lakini mapengo mengi yanazibika. Safu za milimita 28 usizinyooshe kulia hata kidogo.

Kuzungusha maandishi kando ya nukuu au picha iliyokatwa umbo ni sehemu inayochosha kuliko zote. Kwanza, kitu kinachozungukwa lazima kiwe juu ya fremu ya maandishi katika mpangilio wa ngazi. Kikiwa chini, maandishi yanapita juu yake kana kwamba hakipo. Pili, ukichagua maandishi yafuate umbo la fremu, yanagusana na ukingo wake, na hakuna kisanduku rahisi cha kuandika “acha milimita 3”. Inabidi uende kwenye kuhariri umbo, uchague mstari wa kontua (mpaka wa pili unaozunguka umbo), uupanue, kisha uagize maandishi yafuate kontua hiyo. Ukishafanya mara moja, hifadhi nukuu hiyo kwenye kitabu cha vipande ndani ya programu na uitumie kila toleo. Tungependa sana jambo hili lirekebishwe, maana nukuu ni kiungo cha kila ukurasa wa makala.

Picha, kwa upande wake, zinatendewa haki. Fremu inakuonyesha msongamano halisi wa pikseli baada ya kupanua au kupunguza, na hiyo ndiyo namba ya kuamulia ukubwa. Karatasi ya gazeti huchapwa kwa skrini (safu za nukta za wino) ya mistari 85 hadi 100 kwa inchi, hivyo pikseli 170 hadi 200 kwa inchi zinatosha. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp ikafika na upana wa pikseli 1,600 inapata kama 216 kwenye safu tatu za milimita 188, na 161 ikitandazwa ukurasa mzima. Maana yake safu tatu ndiyo, ukurasa mzima hapana. Mwombe mpiga picha faili asilia. Kumbuka pia kwamba hati ya Scribus haibebi picha ndani yake, inazielekeza tu zilipo. Ukihamisha folda au ukimpa mwenzako hati peke yake, atakuta fremu tupu. Tumia amri ya kukusanya kwa ajili ya uchapaji, ambayo inaweka hati, picha na fonti kwenye folda moja. Na kompyuta zote za chumba cha habari ziwe na toleo lilelile, kwa kuwa hati ya 1.6 haifunguki kwenye 1.4. Hati asilia za InDesign, programu ya Adobe ya kupanga kurasa, hazifunguki pia. Omba IDML, aina ya faili la InDesign la kubadilishana, na hata hiyo ikaguliwe mstari kwa mstari.

Karatasi ya gazeti hunyonya wino na kuutawanya, kwa hiyo usimamizi wa rangi uwashwe tangu kiolezo kinapoundwa. Omba wasifu wa rangi, yaani faili linaloeleza jinsi mtambo na karatasi vinavyotoa rangi, kutoka kwa mchapaji. Asipokuwa nao, WAN-IFRAnewspaper26v5 umetengenezwa kwa ajili ya magazeti, na namba 26 ni ongezeko la nukta (kutanuka kwa nukta za wino kwenye karatasi) la asilimia 26 linalotarajiwa mtamboni. Ndiyo sababu picha inayong’aa kwenye skrini hutoka nyeusi tii gazetini: vivuli vya katikati vinaziba. Angaza nyuso za watu kabla ya kuweka picha, si baada. Jumla ya wino isizidi asilimia 240. Onyesho la matokeo ndani ya Scribus linaweza kupaka rangi sehemu zilizopita kiwango hicho, ila linahitaji Ghostscript, programu saidizi ya bure, iwe imesakinishwa pembeni; bila hiyo hulioni.

Kwenye fonti, achana na zile zenye mistari myembamba kama unywele, kwa kuwa vipande hivyo hupotea kwenye karatasi hii. PT Serif na Source Serif ni za bure na zinavumilia. Maandishi meupe juu ya rangi yasishuke chini ya pointi 10, tena yawe mazito na yasiyo na vikia (vijimkia vya mwisho wa herufi). Mistari ya kutenganisha iwe pointi 0.5; ukiacha upana wa sifuri, skrini itakuonyesha mstari, lakini mtambo utatoa unyuzi unaokatika au usitoe chochote.

Kabla ya kutoa faili, kikaguzi kilichojengwa ndani kitakutajia maandishi yaliyozidi, herufi zisizokuwepo kwenye fonti, picha dhaifu na vitu vyenye uwazi, yaani vinavyopenyesha rangi iliyo chini yake. Weka kiwango chake cha chini cha picha kuwa 170, maana kilivyo mwanzoni hakikujengwa kwa ajili ya gazeti. Wachapaji wengi wa magazeti wanataka PDF/X-1a au PDF/X-3, aina za PDF za uchapaji, na hizi hazikubali uwazi, kwa hiyo kivuli laini ulichoweka nyuma ya kichwa cha makala kitaleta onyo. Kiondoe, usizime onyo. Chaguo za PDF/X zenyewe hazipatikani usimamizi wa rangi ukiwa umezimwa, na wengi hudhani programu ina kasoro. PDF ikishatoka, ifungue kwenye programu nyingine ya kusomea, ichapishe kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, hata kama ni kwa vipande vya A4 vilivyogundishwa, na umpe mhariri ambaye hakuipanga aisome kuanzia maelezo ya picha.