Magenge ya Wanawake wa Pikipiki: Filamu Sita, Kuanzia ya Kununua Leo Hadi ya Kusubiri Punguzo

Kabla hujatoa hela, jua kwanza unanunua nini. Hizi ni filamu za bei poa zilizopigwa chapchap, nyingi Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, kwa ajili ya sinema za uwanjani ambako watu walitazama wakiwa wamekaa ndani ya magari yao. Mwaka 1966 Roger Corman alitoa The Wild Angels chini ya kampuni ya American International Pictures. Ikaingiza pesa za kutosha kumfanya kila mwenye kamera atafute genge lake la pikipiki. Soko lilipojaa wanaume wenye ndevu na jaketi za ngozi, kukazuka wazo jipya: tuwapandishe wanawake. Mwaka 1968 pekee zilitoka tatu. Katika biashara hiyo bango na jina vilitangulia, hadithi ikaandikwa baadaye kama muda uliruhusu.

Utamu wake si ubora, tusidanganyane. Ni kuona watu wasio na pesa wala muda, na wengine hata kipaji hawana, wakikazana kwa uso mkavu kabisa kutengeneza kitu cha kutisha. Damu ni rangi, ngumi haimfikii mtu, lakini hakuna anayecheka. Mtazamaji ndiye anayecheka, halafu katikati ya kicheko anashangaa kujikuta anawashabikia wale wanawake, kwa sababu kwenye filamu nyingi za wakati ule mwanamke alikaa nyuma ya pikipiki akiwa amemkumbatia dereva.

Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja: nani anaendesha? Kuna ujanja wa zamani sana. Mwigizaji anapigwa picha kuanzia kifuani kwenda juu, nywele zinapepea, kisha picha inakatwa na kwa mbali unaona mtu mwenye mabega mapana na wigi akikata kona. Ukiona hivyo mara tatu ndani ya robo saa, umepigwa.

1. She-Devils on Wheels (1968)

Hii nunua hata kwa bei kamili. Iliongozwa na Herschell Gordon Lewis, aliyewahi kuwa mwalimu wa chuo kisha mtu wa matangazo ya biashara, ambaye tayari alikuwa amejipatia jina kwa kumwaga damu kwenye Blood Feast ya 1963. Aliipiga Florida, na alipotafuta waigizaji aliamua jambo ambalo wenzake hawakulithubutu: alichukua wanawake wanaojua kuendesha, wengi kutoka klabu halisi za pikipiki, akaacha suala la kuigiza lijisimamie lenyewe.

Halikujisimamia. Mistari inasomwa kama mtoto anayekariri shairi mbele ya mgeni rasmi. Queen, kiongozi wa genge la Man-Eaters, anatoa amri za mauaji kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya nyanya. Lakini wakishapanda pikipiki, kila kitu kinabadilika. Mtazame Betty Connell, aliyemcheza Queen, anavyokaa: mgongo umelegea, macho mbele, wala hahangaiki kujionyesha. Hicho huwezi kumfundisha mwigizaji kwa wiki mbili.

Kanuni za genge zinatosha kuuza filamu. Wanashindana kwenye njia ya ndege iliyoachwa, na mshindi ndiye anayechagua kwanza kati ya wanaume waliopangwa wakisubiri. Kumpenda mmoja ni marufuku. Mwanachama mmoja, Karen, anapoonekana kumchagua yule yule kila mara, anatakiwa kuthibitisha utii wake kwa kumburuza mwanaume huyo nyuma ya pikipiki. Baadaye kuna waya uliotegwa barabarani na kichwa ambacho ni wazi hakijawahi kuwa cha mtu. Hadithi iliandikwa na mwanamke, Allison Louise Downe, na nadhani inaonekana: hakuna mwanaume anayekuja mwishoni kuwarudisha wasichana kwenye mstari. Wimbo wake wa ufunguzi una nguvu kiasi kwamba bendi ya The Cramps iliurekodi upya miaka ya 1980.

Ununue ipi? Kampuni ya diski ya Arrow ilitoa mwaka 2016 kasha kubwa la filamu 14 za Lewis. Kama damu ya rangi si chakula chako, utakuwa umelipia nyama nyingine usiyoila. Tafuta DVD ya peke yake ya Something Weird Video, hata iliyotumika. Usitegemee picha safi. Mikwaruzo ilizaliwa nayo.

2. Stray Cat Rock: Delinquent Girl Boss (1970)

Tatizo la hii ni kwamba ni filamu nzuri kweli. Ni ya Japani, ya studio ya Nikkatsu, mwongozaji Yasuharu Hasebe. Akiko Wada, mwimbaji, anaingia mjini na pikipiki yake na kukutana na genge la wasichana linaloongozwa na Meiko Kaji. Huyu Kaji ndiye ambaye miaka michache baadaye alicheza Lady Snowblood, na sauti yake ikasikika kwenye Kill Bill ya Tarantino. Shinjuku ya 1970 iko pale yote: taa, kumbi za muziki, vijana wenye kofia za ajabu.

Anayetaka kucheka filamu mbovu hatacheka sana hapa. Anayetaka mitindo ya mavazi, muziki na mbio za barabarani atashiba. Kasha la Arrow lina filamu zote tano za mfululizo huu, na kwa hesabu ya filamu kwa shilingi ndilo linalolipa kuliko yote kwenye orodha hii. Manukuu ni ya Kiingereza.

3. The Mini-Skirt Mob (1968)

American International Pictures wenyewe, mwongozaji Maury Dexter. Diane McBain ni Shayne, kiongozi wa genge, na mpenzi wake wa zamani ameoa mwanamke mwingine. Shayne anawafuata maharusi jangwani na kuwageuzia fungate kuwa vita, karavani yao ikiwa ngome. Basi, hiyo ndiyo hadithi nzima, na inatosha.

McBain anastahili sifa. Anachukia kwa ustadi, nywele hazitikisiki hata kwenye vumbi. Patty McCormack, aliyekuwa mtoto muuaji kwenye The Bad Seed ya 1956, ndiye mdogo wake. Harry Dean Stanton naye yumo, bado hajawa jina kubwa. Kuhusu uendeshaji, punguza matarajio. Na yeyote aliyewahi kuunguzwa na ekzosi ya bodaboda kwenye mguu atajiuliza ni nani alifikiri sketi fupi ni vazi la safari ya jangwani. Bango lilifikiri.

4. Chopper Chicks in Zombietown (1989)

Hii ni ya kizazi kingine, ilisambazwa na Troma, kampuni ya filamu za bei poa. Genge la kike linaingia kwenye mji mdogo ambako mzika maiti anawaua wakazi na kuwafufua wakafanye kazi mgodini. Billy Bob Thornton, kabla hajawa mtu mkubwa, ni mume wa zamani wa mmoja wao. Inachekesha, ila inajua inachekesha, na inakukonyeza kila dakika. Kwa anayeanza ni mlango mzuri. Kwa mzoefu ni ya kukodi mtandaoni, si ya kuweka rafuni.

5. Angels' Wild Women (1972)

Al Adamson, bingwa wa kuunga vipande. Aliichukua filamu yake ya pikipiki ya kawaida akaiongezea wanawake wapiganaji baada ya kuona upepo wa soko umegeuka, na kiraka kinaonekana. Sehemu yake ilipigwa Spahn Ranch, iliyokuwa kambi ya Charles Manson na wafuasi wake, lile kundi la mauaji, na kwa wengi hiyo ndiyo sababu pekee ya kuitafuta. Kuna ukatili wa kingono ndani yake usio na mzaha wowote. Usiiweke mbele ya wakwe. Kasha la kampuni ya Severin la filamu 32 za Adamson ni la mtu aliyekwisha potea kabisa kwenye ulevi huu.

6. The Hellcats (1968)

Mwanajeshi na mchumba wa marehemu kaka yake wanajifanya wahuni wa pikipiki ili wamjue muuaji. Ross Hagen ndiye shujaa, kama alivyokuwa kwenye nambari 3 na nambari 5. Jamaa hakukosa kazi. Ni ya kuchosha. Inunue tu ile ya kipindi cha televisheni cha Mystery Science Theater 3000, ambamo mtu mmoja na roboti wawili wanaisimanga mwanzo hadi mwisho. Aliyekulia kwenye mabanda ya video akimsikiliza DJ Afro au Lufufu hahitaji maelezo zaidi.

Kabla ya kubonyeza "nunua"

Angalia kanda ya diski, yaani sehemu ya dunia ambayo diski imefungiwa kuchezwa. Kwa Blu-ray, Afrika iko kundi B pamoja na Ulaya, kwa hiyo diski za Uingereza kwa kawaida zitacheza. Za Marekani ni A, na deki nyingi zitazikataa mpaka muuzaji awe ameandika kwamba hazina kufuli. DVD ni shida zaidi: sisi ni kanda 5, Ulaya 2, Marekani 1. Kiendeshi cha kompyuta kwa kawaida kitakuruhusu kubadili kanda mara tano tu, kisha kinajifunga hapo hapo ulipokiacha. Pigia hesabu pia usafirishaji, maana kwa diski moja unaweza kuipita bei ya diski yenyewe.

Na muuzaji akikuwekea Faster, Pussycat! Kill! Kill! ya 1965 kwenye rafu hii, ichukue kama unaipenda, ila Tura Satana na wenzake mle wanaendesha magari.