Laptopu ililowa ziwani, data nimezipatia Mwanga

Nafundisha Mwamgongo, na nikija Kigoma mjini napanda boti. Jumapili hiyo ziwa lilichafuka. Begi nililisukumia chini ya benchi, na tuliposhuka Kibirizi nikalinyanyua linachuruzika kama nguo iliyotoka kwenye beseni. Laptopu ndani. Alama za kidato cha pili, maandalio ya masomo, picha za msiba wa baba, vyote humo.

Nikafanya ujinga: nikaiwasha. Ikawaka kidogo, ikatoa harufu ya kuungua, ikazima. Nikaifukia kwenye mchele siku mbili kama wanavyoshauri watu. Nilichovuna ni vumbi la mchele kwenye tundu la chaja.

Fundi wa kwanza hata bisibisi hakushika. Alichomeka chaja, akasema imekufa, nipe elfu kumi ya kuangalia. Nililipa, bado inaniuma.

Wa pili yuko Mwanga, hapo hapo Kigoma mjini, kijana mpole. Swali lake la kwanza: "Mwalimu, uliiwasha baada ya kulowa?" Nikamwambia hapana. Alipofungua kifuniko akanionyesha doa jeusi kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya mashine, akacheka, nami nikacheka kwa aibu. Pembeni kulikuwa na ukungu wa kijani, kutu ya shaba. Akachomoa SSD, kijikadi cha urefu wa kidole kinachotunza mafaili, akasugua meno ya kadi hiyo, pale inapochomekwa, kwa mswaki na spiriti, akaiacha ikauke, kisha akaiweka kwenye kasha la USB na kuichomeka kwenye kompyuta yake. Ikasoma! Ila ikatokea picha ya kufuli.

Maji hayakuwa yameigusa data. Windows ndiyo ilikuwa imeifunga kwa BitLocker, kufuli lake la kulinda data, nami sikujua. "Ulipoanza kuitumia uliingia kwa imeili?" Ndiyo. Basi ufunguo uko kwenye akaunti yako ya Microsoft, akasema. Nenosiri nilishalisahau siku nyingi, ikabidi tusubiri meseji ya namba za kuthibitisha huku mtandao ukienda na kurudi. Ukapatikana: tarakimu 48, makundi manane ya sita sita. Mimi nasoma, yeye anaandika. Tulikosea mara mbili.

Mafaili yote yamerudi. Nimelipa 40,000, diski ya nje nilinunua mwenyewe. Ingekuwa SSD imegandishwa kwenye mazabodi, kama ilivyo kwenye baadhi ya laptopu nyembamba, fundi angelazimika kwanza kuifufua mashine, na bei isingekuwa hiyo.

Nampunguzia maksi kwa mawili. Aliniahidi jioni, nikapata siku ya tatu. Halafu nilikuta nakala za mafaili yangu bado kwenye kompyuta yake, na picha za msiba zimo. Nilisimama pale mpaka akazifuta, na pipa la taka akalimwaga.

Kutengeneza mashine alitaja 180,000. Nimekataa. Iko juu ya kabati, mwanangu huishusha akicheza ofisi.