SSD na kadi ya grafiki katika Dell OptiPlex 7010: tathmini ya kazi iliyofanyika Dodoma

Mwenye kompyuta ya mezani ya zamani na fedha za kununua kitu kimoja tu, ushauri wangu kwake ni anunue SSD, yaani diski ya kuhifadhi mafaili isiyo na kinachozunguka, na kadi ya grafiki, kifaa kinachoshughulikia picha na video, aiache mpaka awe na kazi inayoihitaji kweli. Nasema hivyo baada ya kufungiwa vyote viwili katika Dell OptiPlex 7010 ya nyumbani kwetu hapa Dodoma. Kazi hiyo aliifanya fundi mwenye duka dogo jirani na Soko la Majengo, nasi tumeitumia mashine hiyo kiangazi chote kwa kazi zangu za ofisi, masomo ya watoto, na uhariri wa video za kwaya ambao binti yangu huufanya mwishoni mwa juma.

Mashine yenyewe ni ya umbo la mnara, ina prosesa ya Core i5-3470 iliyotoka mwaka 2012 na RAM, kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi, ya gigabaiti 8. Umbo hilo nalitaja kwa makusudi, kwa sababu OptiPlex 7010 ziko pia za umbo jembamba, ambazo hazipokei kadi ya grafiki ya kimo cha kawaida. Mwenye hizo hana budi kutafuta kadi fupi, na kadi fupi ni chache madukani. Prosesa yenye viini vinne bado inatosha kwa kuandika, kufanya hesabu za Excel na kufungua kurasa za intaneti. Kilichotuchosha ni kungoja. Ukiiwasha asubuhi, unaweza kupika chai na kuimimina kabla hujafungua faili la kwanza.

Fundi hakuanza na bisibisi. Aliwasha kompyuta, akafungua programu ya CrystalDiskInfo inayokagua afya ya diski, akanigeuzia kioo nijionee mwenyewe alama ya njano ya tahadhari na idadi ya sekta, yaani vipande vidogo vya kuhifadhia, ambazo diski ilikwisha kuziacha na kuzihamishia kwingine. Akaniambia, “Mama, tusianze na spidi. Hii diski imeanza kufa. Tuhamishe kwanza mafaili yako, mengine yatafuata.” Kwa kauli hiyo peke yake ningempa alama za juu, kwa kuwa fundi anayetaka kuuza tu angekimbilia kutaja bei.

Tulichagua Samsung 870 EVO ya gigabaiti 500. Kiwandani wanaitaja kuwa inasoma hadi megabaiti 560 kwa sekunde na kuandika hadi 530, ina dhamana ya miaka mitano, au mpaka iwe imeandikiwa terabaiti 300, lolote litakalotangulia. Zilikuwapo SSD za bei nafuu zaidi za gigabaiti 480, na kwa matumizi mengi hizo nazo zinafaa, lakini kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi: diski ya zamani ya gigabaiti 500 hainakiliki moja kwa moja kwenda kwenye SSD ya 480 kwa programu za kunakili diski kama Clonezilla mpaka kwanza upunguze sehemu zake zilizogawanywa. Kwa diski iliyokwisha kuonyesha dalili za kufa, kuanza kuisukumasukuma hivyo ni kuitafutia ajali, na kwa sababu hiyo tofauti ya bei nililipa bila kunung’unika.

Baada ya kuifunga, kipimo cha kwanza kilitoa kasi ya kusoma isiyofika megabaiti 300 kwa sekunde, karibu nusu ya ilivyotarajiwa. Hapo ndipo nilipouona ustadi wa fundi. Bodi ya mashine hii hutumia chipseti (chipu inayosimamia mawasiliano ya bodi) ya Intel Q77, yenye njia mbili tu za SATA, yaani za kuunganishia diski, za gigabiti 6 kwa sekunde, ilhali zilizobaki ni za gigabiti 3. Waya ulikuwa umechomekwa penye njia ya polepole. Aliuhamishia kwenye tundu la kwanza, akapima tena, na kasi ikapanda juu ya megabaiti 500. Mtu aliyefungiwa SSD na kuona haijamfurahisha aanze kuchunguza hapo kabla ya kumlaumu muuzaji.

Hata hivyo namba hizo za kusoma faili moja kubwa hazielezi raha yenyewe. Diski ya zamani inazunguka, na kichwa chake cha kusomea lazima kisafiri na kungoja sehemu inayotakiwa ipite chini yake, jambo linalochukua zaidi ya milisekunde 10 kila mara; SSD haina kinachozunguka, na hujibu kwa sehemu ndogo ya milisekunde moja. Programu endeshi inapoamka husoma maelfu ya mafaili madogo yaliyotawanyika, kwa hiyo kule kungoja kudogo kulikokuwa kunajikusanya kuwa dakika nzima kumeondoka. Sasa mashine iko tayari kabla sijavuta kiti vizuri, na kubadilisha kutoka hati moja hadi nyingine hakuigandishi tena.

Kadi ya grafiki ni habari nyingine. Tulifunga GeForce GTX 1050 Ti yenye gigabaiti 4, kadi iliyotoka Oktoba 2016, na tuliinunua ikiwa imekwisha kutumika. Sababu ya kuichagua ni umeme. Pawasaplai, kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, katika OptiPlex hii ya mnara ni ya wati 275 na haina ule waya wa pini sita unaodaiwa na kadi kubwa, wakati tundu la PCI Express, ambamo kadi huchomekwa, lenyewe linaruhusiwa kutoa wati 75 tu. GTX 1050 Ti inakula wati 75, kwa hiyo inaishi kwa umeme wa tundu peke yake, ilimradi uchague toleo lisilo na sehemu ya waya wa ziada, maana yapo matoleo yaliyowekewa. Nimesikia vijana wakishauriana kuunga waya wa pini sita kutoka kwenye waya za diski ili wafunge kadi kubwa zaidi. Nawasihi wasifanye hivyo kwa pawasaplai ya wati 275 yenye umri wa zaidi ya miaka kumi, hasa katika nyumba ambayo umeme hukatika na kurudi kwa kishindo.

Binti yangu anahariri kwa Shotcut, programu ya bure. Hapo awali prosesa ndiyo iliyobeba kazi ya kutoa video iliyokamilika, na mashine ilikuwa haigusiki mpaka imalize. Kadi hii ina sehemu maalumu ya kusimbia video, yaani kuibana iwe faili lililokamilika, iitwayo NVENC, na alipoiwasha ndani ya Shotcut muda wa kutoa wimbo mmoja ulipungua kwa zaidi ya nusu, huku kompyuta ikiendelea kutumika kwa mengine. Anayenunua kwa kazi ya namna hiyo asishawishike na GT 1030 wala Radeon RX 6400, ingawa zote zinakula umeme kidogo, kwani hazina sehemu hiyo ya kusimbia. Na kwa familia isiyohariri video wala kucheza michezo mizito, kadi yoyote ni fedha iliyolala. Yetu iligharimu zaidi ya mara mbili ya SSD, na kwa upande wangu mimi ninayeandika barua na ripoti haikubadilisha chochote.

Wanunuzi wa kadi zilizotumika wanapaswa kudai jambo moja dukani: programu ya GPU-Z, inayosoma taarifa za kadi yenyewe, ifunguliwe mbele yao. Ziko kadi za kale zilizobandikwa jina la GTX 1050 Ti kwa kubadilishiwa programu ya ndani, na jina hilo ndilo Windows huonyesha. GTX 1050 Ti halisi itasomeka chipu GP107, viini 768 na kumbukumbu ya GDDR5 yenye upana wa biti 128. Fundi wetu alikubali bila kuombwa mara mbili.

Tulikwama kidogo kwenye kioo. Monita yetu ina VGA, tundu la picha la mtindo wa zamani, peke yake, nazo kadi za kizazi hicho hazitoi kabisa mawimbi ya VGA. Tundu la DVI la kadi yetu, aina nyingine ya tundu la picha, halina vile vishimo vinne vinavyozunguka ufa wa pembeni, na kiunganishi cha bei rahisi cha DVI kwenda VGA hakiingii. Tulilazimika kununua kigeuzi cha HDMI chenye chipu ndani yake. Gharama hiyo fundi alipaswa kuitaja mapema.

Vumbi la Dodoma wakati wa kiangazi lichukuliwe kuwa sehemu ya matengenezo. Mapezi ya kipoza cha prosesa yalikuwa yamezibwa na tabaka jekundu kama blanketi. Fundi aliitolea mashine barazani, akaipuliza huku ameishika feni kwa kidole isizunguke, kisha akapaka grisi mpya ya joto. Bila usafi huo kadi ingeongeza joto ndani ya boksi lililokwisha kushindwa kupumua.

Prosesa ya 2012 haikubaliwi rasmi na Windows 11, na Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Sisi tumehamia Linux Mint, programu endeshi ya bure, ambayo kwenye SSD inakwenda vizuri. NVIDIA nayo ilitangaza kwamba kadi za kizazi cha Pascal, ikiwemo hii, zitapata marekebisho ya usalama tu hadi Oktoba 2028.

Huduma ya duka naisifu kwa uwazi na mikono safi, isipokuwa risiti, iliyoandikwa “SSD” na “kadi” bila namba za utambulisho. Nilirudi kuomba ziandikwe, zikaandikwa na kugongwa muhuri. Diski ya zamani nilirudishiwa, na nimeitenga: nakala za video za kwaya sasa zinakaa kwenye diski mpya ya nje, ambayo haikai kwenye chumba kimoja na kompyuta.