Siku yangu DCMA Zanzibar: darasa la kanuni mchana, onyesho usiku

Mimi mtu wa Tanga, taarab niliyokulia ni ya kinanda cha umeme na spika za harusini. Kanuni, ile ala ya nyuzi ya kupakatwa mapajani, nilikuwa nimeiona kwenye picha tu hadi mwaka 2018, nilipovuka kwenda Unguja na kuomba kukaa kwenye darasa la wazi la chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy (DCMA). Chuo kilikuwa ghorofani, kwenye jengo la Forodha ya zamani pale Mizingani, bahari i mbele yako.

Binti mmoja alipakata kanuni. Ina nyuzi zaidi ya 70, zimepangwa tatutatu, kila fungu na sauti yake moja, na hupigwa kwa risha mbili zilizobanwa na pete kwenye vidole vya shahada. Akaanza Rast, mojawapo ya makamu (ngazi za sauti) za muziki wa Kiarabu. Mwalimu akamsimamisha kwenye sauti ya tatu: "Iko juu, mwanangu." Akarudia. Bado. Mara ya nne akashusha kijichuma kidogo pembeni ya nyuzi, akapiga tena, na chumba kizima tukaguna kwa pamoja.

Mwalimu akamtuma kijana aitafute sauti ile kwenye kinanda. Akabonyeza huku, akabonyeza kule. Haipo! Imekaa katikati ya vibonye viwili. Miaka yote ile nilikuwa nasikia taarab iliyopungua sauti, wala sikujua. Mpiga fidla yeye huitafuta kwa kidole, hana kijichuma cha kumsaidia, na hapo ndipo nilipowaheshimu watu wa fidla.

Mwalimu pia alituhadithia jinsi Sultani Barghash wa Zanzibar alivyompeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza kanuni, ila mimi akili yangu ilikuwa bado kwenye ile sauti.

Usiku wanafunzi wakapiga: udi, fidla, akodiani, dumbaki, na binti yuleyule. Kidumbaki kilichofuata, ule muziki wa kucheza ulio ndugu ya taarab, kiliwainua watu vitini, lakini mimi nilikuwa namngoja yeye. Ilipofika sauti ya tatu mkono wake wa kushoto ulikwenda wenyewe, hakuangalia. Mama mmoja wa buibui akasimama, akaenda kumtunza noti ya elfu tano katikati ya wimbo, akaiweka taratibu juu ya ubao wa kanuni ili isiguse nyuzi.

Ukienda, omba darasa kwanza, onyesho baadaye. Na kaa upande unaoona mikono ya mpiga kanuni.