Diski Iliganda Frank Akiwa Mbele ya Lori

Nilisema nitasubiri hasira zipoe ndipo niandike. Hazijapoa, kwa hiyo naandika hivyo hivyo.

Nilinunua mtumba seti ya diski za Some Mothers Do 'Ave 'Em, komedi ya zamani ya BBC, kutoka kwa Mtanzania mwenzetu hapa hapa Uingereza anayeuza vitu kwenye magrupu ya simu. Jina lake simtaji. Pauni zenyewe hazikuwa nyingi na wala sizililii. Ninacholilia ni dakika moja, pengine hata dakika haifiki, ambayo baba yangu alinyimwa akiwa amekaa kwenye kochi langu, kiganja mdomoni.

Baba alikuja kutoka Tanga kunitembelea, ule msimu wa baridi kali. Ni fundi seremala, maisha yake yote hajawahi kukaa bure, halafu leo yuko kwangu Reading, Uingereza, kafungiwa ndani tangu asubuhi, mimi niko kazini, nje barafu, na Kiingereza chake ni cha salamu na bei. Nikirudi jioni namkuta ameizima TV na bado anaitazama. Roho ilikuwa inaniuma. Bibi mmoja ninayemhudumia kazini ndiye aliyeniambia: mtafutie Frank Spencer, yule wa Some Mothers Do 'Ave 'Em, huyo hahitaji kujua lugha.

Nilikuwa na wasiwasi, nasema kweli. Komedi nyingi za Waingereza ninazozijua ni za maneno. Mtu anatupa neno moja la kinamna, wenzake wanavunjika mbavu, wewe uliyejifunzia lugha darasani unabaki unatafuta kilichochekesha. Nikaagiza tu, kwa ajili ya Baba.

Jioni ya kwanza nikaweka diski kwenye deki. Kikaanza kile kimuziki cha filimbi ndogo, kinachodonoadonoa kama ndege anayekula punje. Baba akatega sikio. Ule mdundo wa filimbi ni alama za Morse, zile nukta na vistari vya kutumia ujumbe, zinataja herufi za jina la kipindi, kazi ya mtunzi Ronnie Hazlehurst. Baba hakuwa na habari hiyo wala hakuihitaji. Akatokea Frank: bereti nyeusi, koti la mvua, kidole mdomoni, sauti nyororo ya mtoto aliyeonewa. Hajaanguka bado, hajavunja kitu. Baba akacheka. Akasema, "Huyu, mwanangu, huyu akiingia mahali, patavunjika kitu."

Sekunde chache tu, na alikuwa ameshaishika kanuni nzima.

Maana komedi ya namna hii inakwenda kwa kanuni, na mtu akidhani ni mtu kuanguka ovyo ovyo hajaiangalia. Frank, aliyeigizwa na Michael Crawford kuanzia mwaka 1973, kila mara anaingia mahali kwa nia njema. Anataka kazi. Anataka kumfurahisha mkewe Betty. Anataka kurekebisha kitu kilicholegea. Mbele yake anawekwa mtu mwenye heshima zake: bosi, daktari, ofisa, jirani mwenye zulia safi. Yule mtu anaanza akiwa mpole, anazungumza taratibu. Halafu kinaharibika kitu kidogo. Frank anakitengeneza, na katika kukitengeneza anaharibu kikubwa zaidi. Mwisho ukiangalia, aliyechanganyikiwa ni yule mheshimiwa. Frank amesimama palepale na bereti yake, ameumizwa moyo, anataka kujua kwa nini watu wanapiga kelele.

Baba alikuwa anawahurumia wale wakubwa. "Masikini, huyu naye kwisha kazi," anasema, kabla hata hawajaketi.

Kuna kitu kingine alikiona Baba ambacho mimi nilikuwa sijakiona. Komedi za BBC za wakati ule, matukio ya ndani yalirekodiwa studio kwa kamera za video, watazamaji wamekaa pale pale wanacheka, na ya nje yalipigwa kwa filamu. Kwa hiyo wahusika wakitoka nje tu, picha inabadilika, inakuwa na chengachenga na rangi nyingine kabisa. Mimi nilidhani ni uzee wa diski. Usiku wa pili, Baba akanishika mkono. "Tazama. Picha ikichakaa hivi, ujue balaa limekaribia." Na kweli! Ndani, Frank anavunja vyombo na mioyo ya watu. Nje ndiko kwenye magari, ngazi na mapaa. Tangu hapo, picha ikibadilika tu, mzee anajiweka sawa kwenye kochi kama abiria anayefunga mkanda.

Halafu yule ni seremala. Fanicha ikivunjika mimi nacheka, yeye anasimamisha kichwa. "Rudisha hapo." Narudisha. "Unaona? Ule mguu umekatwa mapema, ukaegeshwa tu. Lakini umemngoja mpaka amekaa vizuri. Aliyekata pale ni fundi." Aliniambia kitu kuvunjika ni rahisi, kazi ni kukifanya kivunjike saa unayoitaka wewe. Mimi naona hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote iliyowahi kupewa komedi hii, na imetolewa na mzee wa Tanga kwa macho tu.

Tanga ni kwao marehemu King Majuto, na Baba alimpenda sana, msiba wake wa 2018 ulimgusa kama wa ndugu. Kwa hiyo hajatoka kwenye ukame wa vichekesho. Alikuwa anawalinganisha kila jioni. Majuto, alisema, anakuchekesha kwa kujua kuliko mwenzake, na akibanwa kwa ujanja wake ulimi unamponza. Huyu wa bereti hana ujanja hata chembe. Anakuchekesha kwa sababu anasema kweli tupu na dunia haimwelewi.

Sasa nifike kwenye usiku wenyewe.

Ni kipindi cha viatu vya magurudumu. Frank amekwenda ukumbini kuteleza. Ameshaanza kuyumba, watu wanamkwepa, Baba ameshaanza kulia kwa kucheka, ameshavua miwani. Halafu Frank anaponyoka, mlango ule pale, kaufuata, yuko nje. Picha ikachakaa! Baba akanipiga paja: "Haya sasa!" Frank yuko barabarani juu ya magurudumu, magari kushoto na kulia, hawezi kusimama, mikono inatafuta hewa ya kushika, na mbele yake limekatiza lori, moja la yale marefu yenye tela.

Diski ikaganda.

Frank amesimama hewani, nusu ya uso imegeuka viboksi vya kijani. Deki inakwaruza, kr, kr, kr. Nikasubiri. Baba kiganja mdomoni, hajapumua. Nikatoa diski, nikaifuta kwa kitambaa cha miwani ya Baba, nikairudisha. Ikaenda mpaka pale pale, ikaganda. Nikahamia deki ya jirani, nikatoka na khanga begani kwenye baridi ile, pale pale. Nilipoiinamisha chini ya taa ndipo nikauona mkwaruzo, mviringo mzima, mtu kaukwangua kama kwa mchanga. Na kwenye tangazo aliandika "safi kabisa, kama mpya".

Nikampigia. Nilianza kwa adabu, salamu zote, nikamweleza habari ya mzee. Akanijibu, na haya nayaandika kama alivyoyasema maana hayatatoka kichwani mwangu: "Sista, hiyo si komedi ya wazungu wa kale tu? Jamaa anaanguka, anaamka, anaanguka. Ukiona moja umeona zote. Umekosa nini hapo?"

Umekosa nini hapo.

Hela nilimwambia akae nazo, ndivyo nilivyokuwa nimepandwa na hasira. Lakini swali lake nalijibu hapa, kwa sababu pale kwenye simu sauti ilinitetemeka, na nikakata.

Kwanza kabisa, kaka, yule anayepita chini ya lori ni Crawford mwenyewe. Wengine wakifika hapo wanaletewa mtu wa badala, anavaa koti lile lile, anageuza mgongo kwenye kamera. Huyu hatari zake alizifanya mwenyewe. Kuna kipindi gari lake dogo linaning'inia ukingoni mwa jabali na yeye ananing'inia kwenye gari, chini yake hakuna kitu, na bado sura yake ni ya Frank, bado anabishana. Mtu anayehofia maisha yake kweli kweli anakumbuka kubaki mjinga wa kuigiza! Huyo huyo mwaka 1986 akaenda kuimba nafasi kubwa jukwaani London, watu wakalia machozi. Wachekeshaji Ronnie Barker na Norman Wisdom walitakiwa kabla yake na hawakuichukua nafasi hii ya Frank. Wisdom, bingwa wa kuanguka wa kizazi chake! Ingekuwa kazi ya kuanguka na kuamka tu, ungedhani angeikataa?

Pili, tukio lile halianzii kwenye lori. Linaanzia mbali, Frank bado anajaribu kuonekana mwanamume anayejiweza. Kila anachokigusa kinasukuma kinachofuata, na mtazamaji anapandishwa ngazi moja baada ya nyingine, na ngazi ya juu kabisa ndiyo ile aliyoikwangua bwana yule kwa uzembe wake. Ni sawa na kumpandisha mzee wa watu mnazi halafu unaondoka na madafu.

Najua kuna mtu ataniuliza kwa nini sikumtafutia kipande kile mtandaoni. Nilimtafutia kesho yake, kwenye simu. Baba akaigeuza simu kifudifudi juu ya meza kabla haijaanza. "Hapana, mwanangu. Nianze mwanzo." Seremala yule anaijua kanuni ya komedi kuliko muuza komedi.

Wiki ile nikachukia kila kitu, hata kipindi chenyewe. Nikajiambia, kwani ni kitu gani hasa? Vipindi 22 kwa jumla, kuanzia 1973 mpaka 1978, na Frank hajifunzi lolote. Na Betty! Michele Dotrice mwigizaji hodari vile, kawekwa pale kusema "Oh, Frank" na kuokota vigae. Nilimwambia Baba kwa hasira kwamba waandishi wa zamani walikuwa wanamgeuza mke kuwa jamvi la kufikia. Kipindi gani hiki, nikasema, nyota mbili, tena kwa huruma.

Baba akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mama yako angekuwa hai, angekaa na Betty." Hakuongeza neno.

Nikarudi kuangalia vipindi vilivyokuwa vinapita bila kukwama, peke yangu, usiku. Alikuwa sahihi. Nilikuwa namwangalia Frank, sikuwa namwangalia Betty. Kila nyumba ikiporomoka, kamera inamtafuta yeye. Raymond Allen, aliyeandika kipindi hiki, hajamfanya Betty mjinga wala mkorofi, ingawa kanuni ya wakati ule ilikuwa ama mke wa gubu ama mrembo asiyejua kitu. Betty anaona yote. Anachoka, unamwona usoni amechoka, midomo inambana. Halafu Frank anajieleza kwa ile sauti yake, na uso wa Betty unalegea, na wewe uliyeko kwenye kochi unalegea naye. Bila uso ule tungemchukia Frank kabla ya robo saa. Ni mtu hatari yule! Tunampenda kwa sababu kuna mtu mmoja mle ndani anayempenda kwa dhati. Kwa hiyo zile nyota mbili nazifuta. Nyota tano, na kama kuna ya sita mpeni Dotrice.

Kwa muuzaji sitoi nyota. Kuna rafiki yangu aliniambia, msamehe, pengine yeye mwenyewe hakujua diski imekwaruzika. Pengine. Nilikaribia kukubali. Lakini kutojua hakumlazimishi mtu kusema "umekosa nini" kwa binti anayemzungumzia baba yake. Diski ningeisamehe. Maneno yale, hapana. Magrupuni wanamsifu kwamba anafikisha mzigo haraka, na ni kweli, kwangu ulifika siku ya pili. Mzigo mbovu uliofika haraka.

Baba alirudi Tanga kabla sijapata seti nyingine. Uwanja wa ndege, nimeshamwaga machozi yangu yote, yeye anashika begi, ananigeukia. "Yule kijana bado yuko mbele ya lori," akasema. Akaingia.

Kila nikimpigia, shikamoo, marahaba, habari za huko, halafu kimya kidogo, halafu, "Umempata?" Nikimwambia nimsimulie, anakataa. Kitu cha kuona, anasema, hakisimuliwi.

Seti mpya nimenunua dukani safari hii, imefungwa nailoni, kwa bei ambayo sitaki kuikumbuka. Iko kwenye sanduku, katikati ya khanga mbili, pamoja na deki ndogo kwa sababu ya nyumbani ilikufa zamani. Nimeijaribu pale kwenye lori mara tatu. Inapita.