Mbuzi choma wa mnadani Msalato: muulize mwenye koleo

Jumamosi pale mnada wa Msalato, Dodoma, kabla hujaona nyama utasikia wapiga debe. Kila banda lina wake, na kila mmoja ana "mbuzi laini kuliko wote". Banda linalopimwa hapa halina kibao. Alama yake ni kipande cha bati kilichosimamishwa kando ya jiko, upande upepo unakotokea, na kwa anayejua kuchoma, bati hilo linasema mengi kuliko mpiga debe. Upepo wa kiangazi cha Dodoma ukilipata jiko wazi, makaa ya upande mmoja yanawaka kupita kiasi, ya upande wa pili yanazubaa, na majivu yanatua juu ya nyama iliyokwishapakwa maji ya chumvi. Hapo hata ukiipangusa vipi, yameshanata.

Aliyelisimamisha bati ni mtu wa mkaa. Banda lina watu sita: mpiga debe ambaye ndiye pia mhudumu, mkata nyama kwenye mizani, mchomaji mwenye kisu, mama wa ndizi na kachumbari, binti wa vyombo na maji ya kunawa, na huyo wa mkaa, ambaye unaweza kukaa saa mbili usisikie sauti yake.

Kazi yake ni hii. Pembeni ya jiko kubwa ana jiko dogo lisilo na nyama. Humo anawasha mkaa mpya na kuuacha dakika 20 hadi 30, mpaka utande utando wa majivu meupe. Ndipo anauchota kwa koleo na kuuongeza chini ya wavu, kidogo kidogo, akianzia kingoni. Mabanda yasiyo na mtu wa kazi hii humwaga mkaa mbichi moja kwa moja chini ya nyama inayoiva. Joto linashuka ghafla, mkaa unaoanza kushika unatoa moshi mkali, na nyama inatoka nyeusi yenye uchungu. Wateja huilaumu nyama, kumbe mbuzi hana kosa.

Mafuta nayo anayaangalia. Yakidondokea kwenye makaa yakalipua mwali, hamwagi maji, kwa sababu maji hurusha majivu juu. Anasogeza makaa pembeni kwa koleo, mwali unakufa wenyewe. Mchomaji hageuki kutazama, anajua limeshughulikiwa. Watumishi wanaokuja hapa kutoka ofisi za Serikali za Mtumba wanamjua mtu wa namna hii: yule ambaye akienda likizo ndipo ofisi inagundua nani alikuwa akijaza wino kwenye printa.

Tuje kwenye kasoro, nayo si ndogo. Mpiga debe anaahidi "dakika tano, bosi" bila kumuuliza mtu. Mbavu zilizokatwa nyembamba zinataka dakika 30 hadi 40. Paja zima la kilo moja na nusu linataka saa moja hadi saa moja na nusu kwenye moto wa wastani: ukiweka kiganja sentimita 15 juu ya wavu, uweze kuhesabu hadi tano au sita kabla ya kukitoa. Ukishindwa hata kufika tatu, moto huo utababua nje na kuacha damu kwenye mfupa. Mpiga debe akishaahidi, mchomaji analazimika kulisogeza paja kwenye moto mkali, na matokeo ndiyo hayo. Mtu wa mkaa anajua tangu mwanzo kwamba bado. Hasemi, kwa kuwa haulizwi. Ukimfuata ukamuuliza, anakujibu kwa neno moja au mawili, "bado nusu saa", na itakuwa nusu saa kweli.

Kwenye mizani wako sawa. Nyama inapimwa mbichi mbele yako, kisha kila oda inafungwa waya mwembamba wenye kipande cha kopo kilichoandikwa namba. Fundi wa namba hizo ni binti wa vyombo, naye ndiye anayezivua, kuziosha na kuzipanga upya kati ya sinia na sinia. Bila yeye, kuanzia saa saba mchana, wavu ukiwa na oda kumi, ungekula mbavu za jirani. Usishangae kilo yako ikirudi imepungua. Nyama ikichomwa hupoteza maji na mafuta, na robo hadi theluthi ya uzito kuondoka ni kawaida. Ugomvi mwingi wa mabanda ya choma unaanzia hapo bila sababu.

Binti huyo huyo huegemeza masinia ukingoni mwa jiko yapate joto. Mafuta ya mbuzi yanaganda upesi. Kwenye sinia baridi, kabla hujamaliza kunawa, yameshakuwa kama nta mdomoni. Nyama ikitoka motoni inapumzishwa dakika tano hadi kumi ndipo ikatwe, la sivyo maji yake yote yanaishia kwenye gogo la kukatia. Kachumbari ni ya kawaida, nyanya nyingi na ndimu chache. Ndizi za kuchoma ni nzuri.

Nenda saa tano asubuhi, agiza paja kwanza, na ule mbavu wakati unasubiri. Epuka muda ambao mtu wa mkaa anakwenda kula. Hana wa kumshikia koleo, na dakika 15 za kutokuwepo kwake zinaonekana kwenye nyama ya saa nzima inayofuata. Mwenye banda angemfundisha mtu wa pili kabla ya kununua spika nyingine.

Chenji unayoiacha kwenye sinia inabaki kwa aliyeleta sinia. Ukitaka imfikie mwenye koleo au binti wa vyombo, zunguka nyuma ya jiko uwape mkononi. Pitia upande wa bati. Upande wa pili moshi utakutoa machozi.